Mto Lualaba Unakwenda Wapi?

Kila mtoto wa Kasongo anaujua mto Lualaba. Mji uko upande wa mashariki ya mto, na samaki wengi wauzwao sokoni wametoka humo. Watoto wa Kabambare nao wanaujua mto Luama. Luama unatoka katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganika, unapita katika nchi ya Kabambare, kisha unaingia Lualaba juu ya Kasongo, yaani upande yanakotoka maji.

Ukimwuliza mwanafunzi, "Maji ya Lualaba yanakwenda wapi?" atajibu upesi: "Yanakwenda Kindu, kisha Kisangani, kisha Kinshasa, hata bahari ya Atlantiki." Amejibu vema. Ameona katika ramani iliyo ukutani. Lakini mwaka 1870 hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua jawabu hilo kwa hakika. Wenye elimu wa Ulaya walibishana juu yake. Mtu mmoja alitoa nguvu zake zote na uhai wake kulitafuta, akafa akishika jawabu lisilo la kweli. Basi tutazame jinsi jawabu lilivyopatikana, na jinsi mto unavyoingizwa katika ramani.

1. Kila mtu alijua kipande chake

Msifikiri kwamba wenyeji hawakuujua mto wao. Kule Nyangwe, karibu na Kasongo, Wagenia walikuwa mabingwa wa mitumbwi. Walijua mahali penye mawe, mahali pa viboko, na mwezi ambao maji hujaa. Lakini kila kabila lilijua kipande chake tu. Ukishuka mto siku chache unakuta watu wengine, wenye lugha nyingine, nao huwaogopa wageni. Na jina la mto hubadilika pia.

Fikirini kamba ndefu sana iliyoshikwa na watu wengi usiku wa giza. Kila mmoja anakijua kipande kilicho mkononi mwake. Hapana aliyeiona kamba nzima.

Ncha moja ya kamba ilijulikana zamani. Mwaka 1482 Mreno Diogo Cão alifika kwa jahazi penye mlango wa mto Kongo, mahali unapoingia bahari ya Atlantiki. Lakini Wareno hawakuweza kupanda mto kwenda bara, kwa sababu ya maporomoko makali. Huku Maniema, Lualaba ulionekana unakwenda kaskazini, na kaskazini ndiko uliko mto Nili, unaoshuka mpaka Misri. Ndipo watu wakauliza: Je, Lualaba ni mwanzo wa Nili, au ni mwanzo wa Kongo?

2. Livingstone katika Kabambare na Nyangwe

David Livingstone alikuwa mganga na mmisionari, mtu wa Uskoti. Mwaka 1867 alifika Ziwa Mweru, na mwaka 1868 Ziwa Bangweulu. Alitambua kwamba maji ya nchi hiyo yanafuatana: mto Chambeshi unaingia mabwawa ya Bangweulu, yanatoka kwa jina la Luapula, yanaingia Mweru, kisha yanashuka kaskazini kuelekea Lualaba. Hapo alisema kweli. Lakini moyoni aliamini kwamba maji hayo ni ya Nili.

Katika mwezi wa Julai mwaka 1870 alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Alikuwa na vidonda vibaya miguuni, hata hakuweza kutembea. Akakaa huko mpaka Februari mwaka 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Hakukata tamaa. Alichukua gazeti la kale la Uingereza akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino wa mbegu za mmea ambao wenyeji waliutumia kutia nguo rangi. Wino ule ulififia kabisa. Mwaka 2011 wataalamu walifaulu kuyasoma tena maandiko yale, kwa kuyapiga picha kwa mianga ya namna nyingi.

Mwisho wa mwezi wa Machi mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe. Aliuona mto mkubwa sana. Akaomba mitumbwi aufuate, asipewe. Wafanya biashara wa pwani hawakutaka, na wenyeji waliogopa kwamba amekuja kukamata watumwa kama wale wengine. Akangoja karibu miezi minne. Katika daftari yake aliandika hofu yake, kwamba huenda mto huu si Nili, bali ni Kongo.

Tarehe 15 Julai 1871 lilikuwa soko la Nyangwe. Wanawake wengi walikuwa wamevuka mto na bidhaa zao. Ghafula watu wa wafanya biashara wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakafa maji. Wafanya biashara wenyewe walikisia kuwa waliokufa ni kati ya 330 na 400. Livingstone aliona yote kwa macho yake. Hakuweza tena kukaa na watu wale. Akarudi Ujiji kwa miguu, mgonjwa, bila jawabu. Lakini habari za Nyangwe alizoandika zilisomwa Uingereza, zikawachoma watu mioyo. Mwaka 1873 Sultani Bargash wa Unguja alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.

Mwaka huo huo, 1873, Livingstone alikufa karibu na mabwawa ya Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia, akitafuta bado chemchemi za Nili. Wafuasi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliuchukua mwili wake mpaka pwani, pamoja na daftari zake. Kumbe, maji aliyoyafuata kwa miaka mingi yalikuwa chemchemi za mto Kongo.

3. Mto hupimwaje?

Kuona mto ni kitu kimoja, kuujua ni kingine. Mtu atakaye kuchora ramani ya mto apaswa kujua mambo manne: upande unakoelekea, mahali ulipo, kimo cha nchi, na wingi wa maji.

Upande hujulikana kwa dira. Sindano ya dira huelekea kaskazini daima. Msafiri huandika: "Leo tumekwenda magharibi saa tatu, kisha kaskazini saa mbili." Akijua mwendo wa watu wake kwa saa moja, aweza kuchora njia yote. Lakini makosa madogo ya kila siku hujikusanya, kama mavumbi nyumbani. Kwa hiyo lazima ajisahihishe kwa kutazama jua na nyota.

Mahali hujulikana kwa chombo kiitwacho sekstanti. Kwacho hupimwa kimo cha jua wakati wa adhuhuri, au kimo cha nyota usiku. Kutoka hapo hupatikana umbali wa kutoka Ikweta. Nyangwe, kwa mfano, iko kama nyuzi 4 na robo kusini ya Ikweta.

Kimo cha nchi hujulikana, jambo la ajabu, kwa sufuria ya maji ya moto. Maji ya pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za kipimajoto. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji huchemka upesi zaidi. Kila ukipanda kama meta 300, maji huchemka kwa joto lililopungua uzi mmoja. Basi msafiri huchemsha maji, hutazama kipimajoto, kisha hufanya hesabu.

Wingi wa maji hujulikana kwa hesabu ya kuzidisha. Pima upana wa mto. Pima kina kwa kamba yenye jiwe. Tupa kijiti majini, ukatazame kinakwenda meta ngapi kwa sekunde moja. Tuseme kijito kina upana wa meta 10, kina cha meta 2, na mwendo wa nusu meta kwa sekunde. 10 mara 2 ni 20. 20 mara nusu ni 10. Basi kila sekunde hupita meta 10 za mraba-tatu za maji, yaani masanduku 10 ya maji, kila sanduku lina meta moja kila upande.

4. Cameron na mashahidi wawili

Katika Agosti mwaka 1874 alifika Nyangwe Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini. Kazi ya kupima aliizoea tangu ujana. Mwezi wa Mei mwaka ule alikuwa ameuona mto Lukuga, unaotoa maji ya Ziwa Tanganika na kuyapeleka magharibi, upande wa Lualaba.

Cameron naye alinyimwa mitumbwi. Lakini alitumia vyombo vyake. Wazee wa baraza wanapokata shauri hawakubali neno la shahidi mmoja. Huita mashahidi kadha wa kadha, wakayalinganisha maneno yao. Cameron alifanya vivyo hivyo.

Shahidi wa kwanza alikuwa kimo. Alihesabu kwamba Lualaba penye Nyangwe uko futi 1,400 juu ya bahari, ndizo meta 427 hivi. Akasema: Mahali hapa ni chini kuliko Gondokoro, mji ulio kando ya Nili mbali huko kaskazini. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba hauwezi kwenda Nili.

Shahidi wa pili alikuwa wingi wa maji. Cameron alihesabu kwamba wakati wa kiangazi Lualaba hupitisha futi 123,000 za mraba-tatu kila sekunde, nao Nili penye Gondokoro futi 21,500 tu. Yaani Lualaba ulikuwa mkubwa zaidi ya mara tano. Je, mto mkubwa waweza kuwa kijito cha mto mdogo? Je, mtungi waweza kumwagwa wote ndani ya kikombe kisifurike?

Sasa sikilizeni jambo la kuangaliwa. Shahidi wa kwanza hakusema sawasawa. Tunajua siku hizi kwamba Nyangwe iko juu kuliko hesabu ya Cameron; hata mji wa Kindu, ambako mto umekwisha kushuka zaidi, uko juu ya meta 427. Kosa hilo si la ajabu. Kipimajoto kikikosa robo ya uzi tu, kimo kinakosa meta 75. Hata dhoruba ya mvua hubadilisha uzito wa hewa. Lakini shahidi wa pili alikuwa na nguvu sana. Hata kama hesabu ya maji ilikosa kidogo, mara tano haiwezi kugeuka kuwa mara moja. Kwa sababu alikuwa na mashahidi wawili, neno la Cameron lilisimama hata mmoja alipokosea.

Hata hivyo, Cameron hakuufuata mto. Alishika njia ya kusini na magharibi, akafika pwani ya Angola mwaka 1875. Alisema Lualaba ni Kongo, lakini wengi walitaka shahidi wa tatu.

5. Shahidi wa tatu: mto wenyewe

Shahidi wa tatu ni kuufuata mto mpaka mwisho. Kazi hiyo ilifanywa na Henry Morton Stanley pamoja na mamia ya watu wa Unguja na wa pwani. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876. Tippu Tip, mfanya biashara mkuu wa nchi hii, aliwasindikiza kwa malipo majuma kadha, kisha akarudi. Walikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa vipande vipande ili wapagazi waweze kuichukua. Nahodha wake alikuwa Uledi, mtu hodari, aliyeokoa wenzake wengi wasife maji.

Mto ulikwenda kaskazini, siku kwa siku, na hofu ikazidi: pengine ni Nili kweli! Mwezi wa Januari mwaka 1877 waliyapita maporomoko saba yaliyo juu ya Kisangani ya leo, wakivuta mitumbwi nchi kavu. Wakavuka Ikweta. Baadaye dira ikaonyesha jambo jipya: mto unageuka kuelekea magharibi. Mwezi wa Februari, walipouliza jina la mto, wenyeji wa mahali pale wakataja jina la Kongo. Tarehe 9 Agosti 1877 walifika Boma, karibu na bahari. Tangu kuondoka pwani ya mashariki zilikuwa zimepita siku karibu elfu moja.

Jawabu lilipatikana, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Wazungu watatu waliofuatana na Stanley walikufa wote njiani, na watu wa pwani wengi pia, kwa maradhi, kwa njaa, kwa maji, na kwa vita. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walipigana zaidi ya mara 30. Wenyeji waliokufa katika mapigano hayo hawakuhesabiwa na mtu.

Katika ramani iliyopatikana tunaona ajabu moja ya mto wetu: unavuka Ikweta mara mbili. Unavuka kwanza karibu na Kisangani ukienda kaskazini, na mara ya pili karibu na Mbandaka ukirudi kusini. Kwa hiyo, mvua ikikoma upande mmoja wa Ikweta, hunyesha upande wa pili, na mto Kongo haupungui sana mwaka mzima.

6. Ramani ni kama kisu

Kisu humsaidia mama jikoni, tena chaweza kumkata mtu. Ramani ni vivyo hivyo. Miaka minane tu baada ya Stanley kufika Boma, wakuu wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, nao Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajitwalia nchi ya Kongo. Mto uliochorwa kwa shida ukawa njia ya askari na ya wanyang'anyi wa pembe na mpira. Hapana mwenyeji wa Nyangwe, wala wa Kabambare, aliyeulizwa shauri lake.

Lakini ramani ile ile huwasaidia watu pia. Ajuaye kimo cha nchi ajua maji ya mafuriko yatafika wapi. Ajuaye kina cha mto ajua mahali pa kujenga daraja. Ajuaye vijito vyote ajua maji ya kunywa yatoka wapi, na ni kijiji gani kitadhurika yakichafuliwa.

Siku hizi njia za kupima ni nyingine. Tangu miaka ya 1950 ndege zilipiga picha nyingi za nchi ya Kongo kutoka juu. Mwezi wa Februari mwaka 2000, chombo cha Wamarekani kilizunguka dunia kwa siku 11, kikapima vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu kwa mawimbi ya rada. Lakini penye msitu mnene, kama msitu wa Maniema, mawimbi yale yaligonga majani ya juu ya miti, hayakufika sawasawa mpaka udongo. Tena chombo kilicho juu ya mawingu hakijui jina la kijito hata kimoja. Majina yajulikana na wazee na wavuvi tu. Basi hata leo apaswa kuwapo mtu aendaye kwa miguu, aulizaye na kuandika.

Mtu huyo aweza kuwa mwanafunzi wa Kasongo au wa Kabambare. Kijito kilicho karibu na shule yake huenda hakina jina katika ramani yo yote.

Maswali

1. Kwa nini kabila moja halikuweza kuujua mto Lualaba mzima?
2. Maji ya Bangweulu hupita wapi mpaka kufika baharini? Taja mito na maziwa kwa utaratibu.
3. Mashahidi wawili wa Cameron walikuwa nini? Nani kati yao alikosea, na kwa sababu gani?
4. Kijito kina upana wa meta 6, kina cha meta moja, na mwendo wa nusu meta kwa sekunde. Kinapitisha maji kiasi gani kila sekunde?
5. Nendeni pamoja na mwalimu kwenye kijito kilicho karibu. Pimeni upana, kina na mwendo wake, mkichore. Kisha mwulizeni mzee mmoja jina lake, na sababu ya jina hilo.